Mkono Haukuganda

Bibi Maudie, nakusalimu kutoka kijiji kimoja cha pwani hii hii ya kaskazini, sitasema kipi, na majina yote humu nimeyabadilisha, ila naomba mjukuu wako akusomee barua yote mpaka mwisho kabla hujaanza kunigombeza redioni, maana najua utanigombeza, na pengine ndicho ninachokitafuta, kwa kuwa hapa nyumbani kila mtu ananionea huruma na huruma yao imeanza kunichosha kuliko mkono wenyewe.

Mimi bado kijana, nina mke, nitamwita Rhoda, na binti mmoja, nitamwita Ivy, ndiye mtoto wetu wa kwanza. Mwanzoni mwa baridi hii, mto ulipokwisha kukaza barafu, nilikuwa narudi kutoka kutazama mitego, upepo unapeperusha theluji sioni hata pua ya pikipiki yangu ya theluji, nikapanda ukingo bila kujua nikarushwa, bega la kulia likagonga kisiki cha msonobari, kichwa kikaenda upande huu na bega likaenda upande ule. Nilipoinuka miguu ilikuwa mizima, kichwa kizima, ila mkono wa kulia unaning'inia kama mkono wa koti lililotundikwa msumarini. Niliendesha mpaka nyumbani kwa kuuvusha mkono wa kushoto upande wa kulia ili nifikie kifyatuo cha mafuta, na Rhoda aliponiona mlangoni aliuliza mbona nimekaa kama mtu anayejikumbatia.

Nesi wa zahanati akanipandisha ndege ya Kusini, kwenye hospitali kubwa. Huko nikapigwa picha za kila aina, halafu nikakutana na daktari mpasuaji, mama mmoja mwembamba mwenye sauti ya chini, akanichorea kwenye karatasi iliyotandikwa kitandani. Akasema mkono mzima unatawaliwa na mizizi mitano ya mishipa ya fahamu inayotoka kwenye uti wa shingo, ikakutana chini ya mfupa wa bega na kushuka mpaka vidoleni, na kwangu mitatu imeng'oka kabisa kwenye uti, haishikizwi tena, na miwili imevutika. Akasema anaweza kuchukua mishipa michache iliyo kati ya mbavu akaishonea kwenye msuli wa kukunja kiwiko, na mwingine ule unaopandisha mabega mtu akisema sijui, akaushonea kwenye mshipa unaoliinua bega, ila kazi hiyo ina wakati wake, kabla nusu mwaka haijapita tangu kuumia, na mapema ni bora, kwa sababu msuli usiofikiwa na mshipa unakufa na ukishakufa hauamshwi. Akasema hatanidanganya, mkono hautakuwa kama wa zamani, lakini kiwiko nitakunja na bega litakaa mahali pake. Nikaitikia kwa kichwa kama tunavyoitikia sote tukiwa Kusini, nikarudi.

Rhoda alinipokea kiwanja cha ndege, akaniuliza, wamesemaje? Nikamwambia, wamesema tungoje. Bibi, sijui lile neno lilitokea wapi.

Siku chache baadaye akaja mjomba wangu, nitamwita Abel, unajua ni mtu wa aina gani, mtu ambaye akisema barafu inapitika watu wanapita. Akanywa chai, akaushika mkono wangu, akaukuta wa baridi, akaniuliza, "Unauma?" Nikamwambia mjomba, unaungua, kuanzia kiwiko mpaka vidoleni, kama nimeuingiza kwenye jiko la kuni, na mara nyingine unapita kama umeme. Akatabasamu. "Basi unarudi," akasema. "Wewe hujawahi kugandisha vidole? Vikiwa vimekufa haviumi. Vikianza kuuma ndio vinaamka. Kilichoganda hakisuguliwi wala hakiharakishwi, kinangojwa." Na mimi, Bibi, vidole nimegandisha tangu utoto, nayajua yale maumivu ya kuyeyuka, na alichosema ni kweli tupu. Kwa hiyo baridi yote hii nimekuwa nikiungua na kufurahi. Kila moto ukipanda najiambia, huo, unaamka, na uwongo niliomwambia Rhoda nikaanza kuuona si uwongo tena, kwamba kweli tunangoja.

Sasa siku zimekwenda, kiasi kilichobaki cha ile nusu mwaka ni kidogo, na hospitali wameacha ujumbe kwenye simu kwamba nafasi yangu ya upasuaji imepatikana, niwajibu kabla ya Ijumaa hii, na nafasi yenyewe imeangukia wiki ile ile ambayo kijiji kizima kinahamia kambini kuwinda bata bukini wakipita. Na wiki hiyo hiyo ndiyo tuliyopanga sherehe ya kumtoa Ivy nje, akanyage ardhi kwa mara ya kwanza. Tayari anasimama kwa kushika kiti, ana haraka ya kutembea, na nyayo zake hazijagusa ardhi ya nje hata mara moja, tumembeba kila mahali kama inavyotakiwa, na asubuhi ile atatoka hemani kwa miguu yake na kigari chake cha kuni, azunguke mti, awape bibi na babu zake kuni zake, halafu watu waketi kula. Bata wa karamu hiyo nilitaka awe wangu. Mimi ndiye baba. Nikienda Kusini nitarudi nimefungwa mkono kifuani wiki kadhaa, na atakayewinda ni shemeji yangu, nitamwita Gilbert, ambaye utani wake umekwisha kuniingia mifupani. Juzi kaniuliza mbele ya watu dukani, "Shemeji, huo mkono umeupeleka likizo? Ukiuandikia uusalimie." Watu wakacheka, nami nikacheka, kisha nikaenda nikakaa garini.

Lakini kilichonifanya niandike ni hiki. Wiki iliyopita nilimbeba Ivy kwa mkono wa kushoto kutoka mlangoni kwenda kwenye gari, nikateleza kwenye ngazi. Nikaona nyayo zake zinaelekea kwenye theluji. Nikajipindua hewani nikaangukia bega lile lile bovu, nikambakiza juu ya kifua changu, hakugusa, akacheka akafikiri ni mchezo. Rhoda alikuwa dirishani. Akatoka, akamchukua mtoto, akanitazama nilivyolala, akasema, "Madaktari waliosema tungoje, wamesema tungoje mpaka nini?" Jioni nikavua shati nikajitazama kwenye kioo, msuli wa juu wa mkono umekonda mpaka nauzungushia kidole na gumba.

Bibi, niambie ukweli. Huu moto si dalili ya kuamka? Nikingoja bata wapite kwanza, halafu niende, nitakuwa nimechelewa kweli au madaktari wanatishia tu? Na Rhoda nitamwambiaje? Nasikiliza kipindi chako nikiwa garini peke yangu, usinitaje.

Mimi, Ninayengoja Uyeyuke.

*

Jibu la Bibi Maudie

Wewe Unayengoja,

Barua yako nimesomewa mara mbili, mara ya pili kwa sababu mara ya kwanza nilikuwa nasonya na sikusikia mwisho. Unasema umebadilisha majina. Vizuri. Pwani hii ina vijiji vichache na baridi hii aliyegonga kisiki kwa bega ni mmoja, lakini mimi nitajifanya sijui na wewe jifanye unaamini.

Nianze na swali lako la moto, kwa sababu ndilo linalokuua. Mkono wako haukuganda. Umeng'olewa. Hayo ni mambo mawili, na baridi yote hii umeyachanganya ukiwa mtu mzima mwenye akili. Kidole kilichoganda kimelala, mizizi yake ipo, ukikipa joto taratibu kinaungua jioni moja, kinakuliza, na ukimaliza kulia kinakunjika. Wewe umeungua tangu mto ukaze. Kuna kidole kimekunjika? Kuna kiwiko kimeinuka hata kwa unene wa kisu? Msuli umenona au umekonda? Umejitazama mwenyewe kwenye kioo, kisha unaniandikia kuniuliza mimi ulichokiona. Moto huo ni mahali palipong'oka panapolia. Mpasuaji mmoja aliwahi kunieleza hivyo kwa maneno mepesi, nikamwelewa, na wewe ungemwelewa wako kama ungeacha kuitikia kwa kichwa.

Mjomba wako Abel simgombezi. Nimepita kwenye barafu kwa neno lake nami ni mzima. Kuhusu vidole vilivyoganda hakuna wa kumfundisha. Lakini alishika mkono wa baridi unaouma, akafikiri ni kile anachokijua, kwa sababu wewe hukumwambia alichosema daktari. Ulimpa nusu ya habari akakupa nusu ya jibu. Sasa utamfanya awe mzee aliyemponza mpwa wake, na hajui. Nenda ukamwambie, kwa heshima, na kabla hujaondoka. Atakumiminia chai, na kisha atakuuliza ndege ni saa ngapi. Namjua.

Nakwambia haya kwa sababu nimekwisha kuyaona. Mjukuu wa dada yangu, Sinclair, ameniruhusu nimtaje, alirushwa na pikipiki ya theluji vile vile, mkono ukaning'inia vile vile. Mimi ndiye niliyekwenda naye Kusini kumsindikiza. Shule mimi sikwenda, baba alikuwa akituhamishia juu mtoni kila ndege ya kukusanya watoto kuwapeleka shule za mbali iliposikika, kwa hiyo maneno ya daktari sina, ila nilikuwa na mkalimani na mdomo, nikauliza mpaka Sinclair akaona haya. Nikamwuliza mpasuaji, "Hiyo mishipa ya mbavu ukiichukua, kijana wangu atapumua na nini?"

Akacheka, akasema, "Anayo mingine, Bibi. Nachukua michache tu."

"Na mkono utajuaje kwamba unaitwa?"

"Mwanzoni hautajua. Utafikiri bado ni ubavu. Akivuta pumzi, kiwiko ndicho kitakachojikunja. Baadaye kichwa kitajifunza."

Sinclair akanitazama. "Bibi, kwa hiyo nikikohoa nitakupiga kofi."

"Jaribu," nikamwambia.

Sasa shika hili, kwa sababu hapa ndipo unapojidanganya na bata wako. Msuli ni kambi. Mwenyewe akiondoka, jiko linapoa, panya wanaingia, theluji inalemea paa. Akirudi baridi hiyo hiyo anafagia, anawasha moto, maisha yanaendelea. Akirudi baada ya miaka anakuta vijiti. Mpasuaji akishashona, mshipa mpya unaanza safari kutoka kwenye mbavu kwenda kwenye msuli, na unakwenda polepole, unene wa ukucha tu kwa siku, miezi unatembea. Kwa hiyo ile nusu mwaka si siku ya kufika, ni siku ya mwisho ya kufunga safari. Ukingoja bata wapite, kisha ungoje nafasi nyingine, na nafasi za wapasuaji wa aina ile hazipatikani dukani, mshipa wako utafika kwenye kambi iliyoanguka. Daktari hakutishii. Alikupa njia, na umeipa mgongo.

Sherehe ya mtoto inangoja. Mshipa haungoji. Hilo ndilo jibu, na mengine yote ninayosema ni ya kukushika mkono ule mzima mpaka kwenye simu.

Unaniambia bata wa karamu awe wako, wewe ndiye baba. Tulia nikuulize. Bata wako wa kwanza maishani ulimla? Hukumla. Ulimtoa, akaliwa na wazee, na mimi pengine nilipata bawa. Tangu umeota meno umekuwa ukilishwa bata wa watu wengine na hakuna aliyekuambia wewe si mtu. Leo zamu yako ya kulishwa imerudi kidogo, umevimba. Na tuseme unakwenda kambini. Bunduki utaishika na nini? Utakaa kwenye kibanda cha kuvizia na mkono mmoja, umuumize bata asife, au ujiumize wewe, ili shemeji asikucheke dukani? Huyo Gilbert naye, kama ananisikia, nami najua ananisikia kwa kuwa redio ya pale dukani haizimwi, utani una mahali pake na shemeji ni wa kutaniwa, lakini mtu anayetania mkono wa mwenzake na asimuulize faragha analalaje, huyo ana deni la kuni. Gilbert, mpasulie kuni mpaka barafu itoke. Na bata wa mwaka huu winda wewe, uwapelekee bibi na babu zake Ivy.

Mtoeni Ivy nje vuli. Bata wanarudi vuli wakiwa wamenona kuliko hawa wa sasa waliochoka safari. Binti yangu wa tatu tulimtoa vuli kwa sababu masika ile nilikuwa na homa, na leo ana wajukuu na hakuna mti uliowahi kumlalamikia. Najua unachowaza: mtoto anasimama, ana haraka, atabebwaje kiangazi kizima? Atabebwa. Ana bibi wawili, ana shangazi, ana mjomba mwenye deni. Mtapokezana. Ndiyo maana ya kuwa na watu.

Sasa Rhoda. Hapa nitakusema vibaya kidogo, vumilia. Huyo mwanamke baridi yote amekukatia nyama, amekufunga viatu, amekulaza upande usiouma, akiamini mnangoja kitu kilichoagizwa na daktari. Alikuwa anangoja nawe uwongo. Umemfanya mlinzi wa mlango usio na nyumba. Na usinitetee kwamba uliogopa, najua uliogopa. Kupasuliwa kifua ili mkono upone kunamtisha mtu yeyote mwenye kifua. Kosa ni kwamba uliogopa peke yako wakati umeoa.

Lakini ulipoteleza kwenye ngazi. Hapo nilimwambia mjukuu wangu aache kusoma kidogo. Ulijipindua hewani ili nyayo za mtoto zisiguse. Mwanangu, baba wa namna hiyo hahitaji bata kumthibitisha, na aliyekuzaa angekuona siku hiyo angetembea kijijini kifua mbele. Ila tazama uliangukia wapi. Uliangukia lile lile bega. Unampenda mtoto kwa kuutupa mwili wako, na mwili wenyewe ndio anaouhitaji mtoto. Acha kuutupa.

Kwa hiyo sikiliza. Uko garini. Zima gari, usizime redio mpaka nimalize, kisha ingia ndani. Usizunguke, usianze na hali ya hewa. Mwambie Rhoda: "Daktari alisema upasuaji, nami nikakwambia tungoje, kwa sababu niliogopa." Basi. Atakasirika. Mwache akasirike, amekaa baridi nzima bila kujua ana sababu. Usimwombe akuonee huruma usiku huo huo. Akinyamaza, nawe nyamaza. Akikurushia kitu, inama.

Asubuhi piga simu hospitali, msingoje hiyo Ijumaa. Ukikuta mashine inazungumza, iachie jina lako na upige tena. Wakikuchosha, nenda zahanati, keti mbele ya nesi mpaka apige yeye. Sema unaitaka nafasi. Sema unataka mkalimani, hata kama unajua kuzungumza nao, kwa sababu ukiwa na mkalimani huwezi kuitikia kwa kichwa tu, inabidi useme kitu. Mwambie mpasuaji kuhusu ule moto wote, na kwamba umeangukia bega tena. Ziko dawa za moto wa namna hiyo, si hizi za kichwa zinazouzwa dukani, na umeungua bure miezi yote hii ukidhani ni baraka. Sitakwambia upasuaji utauzima. Wa Sinclair umepungua, jioni nyingine bado unamtembelea.

Wa kukusindikiza ni Rhoda, na Ivy mgongoni mwake. Mkiwa njiani, kumbuka lami ya Kusini nayo ni ardhi, abebwe uwanja wa ndege, abebwe barabarani. Lakini sakafu ya hospitali ni ndani. Pale mwacheni atembee apendavyo. Korido zao ni ndefu na hazina theluji, mtoto hatapata mahali pazuri zaidi pa kujifunzia, na wewe ukiwa umelala utamsikia akipita.

Ukirudi utafungwa mkono kifuani. Usiufungue ili umwonyeshe mtu. Watakupa mazoezi, yafanye, hata yakikuonyesha mjinga. Kisha kutakuwa kimya. Hiki ndicho kipande kigumu, na hakuna atakayekuambia waziwazi kama mimi: utapasuliwa, utapona kidonda, na mkono utabaki vile vile miezi na miezi, unaning'inia. Utasema Bibi Maudie amenidanganya. Kipindi hicho ndicho cha kungoja halali. Ule uvumilivu ulioupoteza kwenye uwongo, utauhitaji hapo.

Sinclair alifikia mahali akaacha kuutazama. Masika iliyofuata alikaa kibandani na mkewe Delia, yeye hapigi, anaita tu, maana hakuna anayeita bata kwa mdomo kama Sinclair. Mkono wake mbovu umelazwa juu ya blanketi, na kikombe cha Delia kiko pembeni yake. Kundi likatokea kusini, chini kabisa, zuri. Sinclair akavuta pumzi ya kuita. Kikombe kikaanguka.

"Sinclair," Delia akasema, "ukitaka chai sema."

"Sijagusa."

"Aliyegusa nani, bata?"

Wakautazama mkono. Akavuta pumzi tena, na kiwiko kikajikunja kidogo, kama mtoto anayeota. Bata wakapita juu ya vichwa vyao mpaka wa mwisho, na hakuna aliyefyatua risasi. Siku hiyo walirudi kambini mikono mitupu wakicheka kama wehu, na sisi tukadhani wamegombana wakapatana.

Leo anakunja kiwiko bila kupumua kwa nguvu, kichwa kimejifunza. Anabeba kuni juu ya mkono ule. Kichwani haufiki, na vidole si vya kuaminiwa na kitu chenye ncha. Bunduki anapigia bega la kushoto, na anakosa kama alivyokuwa akikosa kwa la kulia. Ndivyo ulivyo mkono wa kushonwa, sikupambii. Ni mkono wa kutosha kuishi nao. Huo ulio nao sasa ni mzigo.

Kwa hiyo zoezi la pumzi wakikupa, usilifanye umekaa kitandani unahesabu kama mgonjwa. Simama jikoni uite bata. Majirani watazoea.

Neno la mwisho, kisha nakunywa chai yangu. Asubuhi ya vuli, hema limepangwa matawi mapya ya msonobari, watu wamesimama nje kimya, na Ivy yuko mlangoni na kigari chake cha kuni, nje hajapajua. Mkono wako utakuwa bado haujaamka, nakuonya mapema, wewe usiufiche ndani ya koti. Mtoto wa umri ule hafiki mbali, anashika kilicho karibu. Mkono mzima utakuwa juu sana kwake. Unaoning'inia ndio ulio kwenye kimo chake, na ndio atakaoushika.

Acha aushike. Kisha vuta pumzi, mtoke.